Jogoo wa Mama na Mikuyu ya Yogyakarta

Ukienda Yogyakarta, kule Indonesia, kila utakayekutana naye atakuambia usiondoke bila kuona Borobudur. Sawa, tulikwenda. Hekalu lina zaidi ya miaka 1,000, liko kama kilomita 40 nje ya mji, na picha tunazo. Ila kesi ya jogoo wa mama yangu haikuamuliwa huko. Iliamuliwa usiku, uwanjani, nyuma ya jumba la Sultani.

Baba Salma alipelekwa na kazi kwenye mafunzo. Mimi nikachomoa hela zangu za kikoba nikamfuata, maana mafunzo ya mbali hivyo siyaamini sana. Siku aliyopata nafasi tukazunguka Kraton, ndilo hilo jumba. Sultani bado anaishi humo, na yeye ndiye gavana wa mkoa, hapigiwi kura na mtu. Tukaingia na Taman Sari, bustani ya mabwawa iliyojengwa karne ya 18, yenye mnara ambako inasemekana Sultani alikuwa akikaa kuwatazama wake zake wakioga. Baba Salma alisimama kwenye kile kidirisha muda mrefu kuliko historia inavyohitaji. Nikamwangalia tu.

Chakula cha jioni kilikuwa gudeg, fenesi changa lililopikwa na tui na sukari mpaka likawa la kahawia. Kwa macho ni mboga, mdomoni ni futari. Nilirudia sahani.

Basi tukafika Alun-Alun Kidul, uwanja wa kusini mwa jumba. Katikati kuna miti miwili mikubwa ya jamii ya mkuyu, wenyewe wanaiita beringin, kila mmoja na ukuta wake mfupi kuuzunguka. Mchezo wenyewe unaitwa masangin: unafungwa kitambaa cheusi machoni, unaanzia mbali kidogo, unatembea mpaka upite katikati ya miti hiyo. Nafasi si finyu hata kidogo, lakini watu wanapinda kama wamelewa. Wenyeji wanasema mwenye moyo safi ndiye anayepita, na dua yake inajibiwa.

"Nipe hicho kitambaa," Baba Salma akasema. "Watu wenye roho nyeupe ndio sisi."

Akakodi kwa rupia elfu kadhaa, akafungwa, akazungushwa, akaachiwa. Mwanzo alikwenda vizuri, kifua mbele. Baadaye akaanza kuvutika upande wa kulia, kuelekea barabarani, ambako vile vigari vya kupiga pedali vinapita vimepambwa mataa kila rangi. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakamwonea huruma mgeni, wakapaza sauti wote kwa pamoja wamwelekeze aende kushoto:

"Kiri, Pak! Kiri! Kiri!"

Baba Salma akasimama wima.

"Nikiri nini?" akauliza kwa Kiswahili, uso kwenye giza.

"Kiri! Kiri!"

Nikaona mabega yanashuka. "Mama Salma," akaita, sauti imekauka, "hawa wamejuaje?"

"Wamejua nini?"

"Yule jogoo."

Hapo niwaeleze. Mama alinipa jogoo kuchi, mrefu, shingo ndefu, wa kupandisha mbegu. Siku niliyorudi kutoka msibani nikaambiwa kicheche kamchukua. Manyoya nikaonyeshwa, yametawanywa vizuri pale bandani. Nililia. Baba Salma mwenyewe ndiye aliyenifariji.

"Kiri, Pak!" vijana wanazidi, sasa wanapiga na makofi.

"Hakukuwa na kicheche!" akapiga kelele. "Nilimuuza! Nilinunua tiketi ya mechi! Na tukafungwa!" Huku anakiri huku anatembea, mikono mbele, safari hii amepinda kushoto kupita kiasi, anakwenda moja kwa moja kwa familia iliyotandika mkeka inakula mahindi ya kuchoma. Vijana wakabadili wimbo haraka:

"Kanan! Kanan! Kanan!"

"Nikane tena? Si ninyi mliosema nikiri?"

Swali halijamalizika akakanyaga mkeka. Guu moja likaingia kwenye sahani ya mahindi, la pili likatafuta pa kushika likakosa, akaketi mapajani kwa babu mmoja aliyekuwa ameshika bakuli la wedang ronde, ile tangawizi ya moto yenye vidonge vya unga wa mchele. Tangawizi ikamwagikia suruali ya Baba Salma. Babu hakupata hata tone. Alimpapasa mgongoni, akamvua kitambaa kwa upole, na mkewe akaagiza bakuli lingine, la mgeni. Tulijaribu kulipa mahindi, wakakataa katakata, wakataka picha.

"Na wewe jaribu sasa," Baba Salma akaniambia akijikamua suruali. "Au huna la kukiri?"

Kitambaa nikamrudishia mwenyewe. Nikakodi kigari chenye umbo la kipepeo, taa za pinki, nikapanda. Kila aliyeketi ana pedali zake. Mzunguko wa kwanza hatukusemeshana. Wa pili nikauliza, polepole tu:

"Ulimuuza bei gani?"

"Elfu thelathini na tano."

"Kuchi mzima?"

"Nilikuwa na haraka, mechi ilikuwa saa kumi."

Nikaondoa miguu kwenye pedali, nikaipandisha juu, nikamwambia aendelee.