Mvua niachieni mwenyewe, upepo waachieni waandaaji

Asubuhi ya tarehe 12 Machi 2017 waandaaji wa Cape Town Cycle Tour, mbio za baiskeli za Afrika Kusini, walifuta mbio zao, makundi ya mwanzo yakiwa yameshaondoka. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukifika kilomita 100 kwa saa pale pa kuanzia. Video za siku ile bado zinazunguka: watu wazima ndani ya jezi za klabu wameng'ang'ania baiskeli kwa mikono miwili nazo zimenyanyuka hewani, na wengine wamezilalia barabarani zisichukuliwe. Tunazicheka. Lakini kila Machi ikikaribia, klabuni kwetu hakosekani mtu wa kusema, chai ikiwa mezani, kwamba waandaaji wale walikuwa waoga. Mtu kalipa ada, kafanya mazoezi miezi mizima, kapanda ndege na baiskeli yake ndani ya boksi. Aachwe aamue mwenyewe kama anaweza.

Hoja hiyo ina mvuto, na kwa mvua naikubali kabisa.

Chukua Paris-Brest-Paris ya 2007, safari ndefu ya baiskeli kule Ufaransa. Ni kilomita 1,200 kwenda na kurudi, na wengi hupewa saa 90 kuzimaliza. Mwaka ule mvua na upepo viliwaandama karibu njia nzima, usiku na mchana, na karibu theluthi ya walioanza, katika watu zaidi ya elfu tano, hawakumaliza. Waandaaji hawakufuta kitu, na sioni kosa. Pale huruhusiwi hata kuanza kabla hujamaliza safari za kufuzu za kilomita 200, 300, 400 na 600 mwaka huohuo. Unaondoka kwa zamu, na baada ya saa chache watu wametawanyika kwenye barabara za mashambani. Ukitetemeka kwa baridi Loudéac, mji wa njiani, ukajikunja kwenye kona ya ukumbi ukasema basi, umeamua juu ya mwili wako tu.

Cape Town ni habari nyingine. Ni kilomita 109, na waendeshaji mwaka ule walikuwa kama 35,000, wakiwemo watu ambao safari yao ndefu kuliko zote ni ile ya Jumapili iliyopita. Njia inapita kando ya bahari hadi Simon's Town, inavuka upande wa pili wa rasi, kisha inapanda Chapman's Peak, mwamba huku na bahari kule chini. Unaendesha bega kwa bega. Upepo wa mbele hautishi sana. Unakuchosha, unajificha nyuma ya mwenzako, mnapokezana. Wa ubavuni ndio mbaya, hasa unaokuja kwa vishindo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Na hizi rimu pana za kaboni tunazonunua kwa mkopo zinageuka tanga. Kishindo kimoja kikikusogeza mita moja kushoto, aliyekuwa kushoto kwako hakuulizwa kama anaweza.

Ndiyo maana "niamue mwenyewe" haisimami. Uamuzi ule haukuwa wa mtu mmoja tangu mwanzo. Na madaktari wangetoka wapi? Siku moja kabla ya mbio moto ulikuwa umeteketeza sehemu kubwa ya Imizamo Yethu, mtaa wa mabanda ulio Hout Bay, kitongoji cha Cape Town, na maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Baada ya mbio kufutwa, maji na chakula vilivyoandaliwa kwa waendeshaji vilipelekwa kwa waathirika wa moto. Mwenzangu anayesema "woga" hilo halitaji.

Wala waandaaji wale si watu wa kufuta ovyo. Mwaka 2009 upepo ulikuwa mkali na bado waliendesha. Mwaka 2015, milima ilipowaka moto, walipunguza njia hadi kilomita 47 badala ya kufuta. Waandaaji wenye rekodi hiyo wakisema leo hapana, mimi nafunga boksi langu.

Lawama yangu naipeleka kwenye klabu, yetu ikiwemo. Tunafundishana kupanda milima na kula kabla ya njaa, lakini siku ya upepo tunaghairi mazoezi, kisha tunashangaa mtu akibana breki ya mbele kwa hofu katikati ya kundi. Upepo wa wastani ufanyiwe mazoezi, watu wachache, barabara tupu: kushika usukani bila kuukaba, kuacha nafasi ubavuni, kupanga mstari wa mshazari badala ya kufuatana tairi kwa tairi. Rimu pana zibaki nyumbani.

Na kiongozi wa safari apewe mamlaka ya kusema turudi, tukubaliane hivyo usiku wa kabla, kila mtu akiwa bado na akili tulivu. Anayetaka kuendelea aendelee, ila avue jezi ya klabu kwanza. Najua pendekezo hili litanigharimu kura kwenye mkutano wa mwaka.