Shwari Imenishika Barazani

Mie na hii GPS ya simu, inayoonyesha mtu alipo, hatuna ugomvi, ila haijui kunyamaza.

Juzi mke wangu kanipigia. "Baba Saidi, upo wapi?" Nikamwambia nimeshikwa na shwari usawa wa kisiwa cha Chumbe, hata tanga halitikisiki. "Shwari hiyo ndiyo inayokunywesha kahawa barazani Forodhani?" Kumbe Saidi keshaziunganisha simu zetu. Mtoto wa kumzaa mwenyewe!

Babu wa babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Akitweka tanga na upepo wa kusi kwenda Arabuni, mkewe hana la kufuatilia ila upepo: mpaka kaskazi ya kumrudisha ianze, Desemba hivi, ndipo akumbuke kupika cha ziada. Miezi mtu hajulikani alipo, wala hakuna anayemwita mwongo. Kule kaskazini kushika njia ni kibao cha mti chenye uzi wa mafundo. Fundo anauma kwa meno, ukingo wa chini wa kibao anaulaza kwenye upeo wa bahari, wa juu aulenge Nyota ya Jaa, ile ya kaskazini. Kila mji una fundo lake. Sasa nani ataliuliza fundo nahodha alikuwa wapi saa kumi jioni?

Na kwenye la maana simu inakuwa bubu. Wiki iliyopita nimempa usukani mtoto wa kaka yangu, bamvua, maji yanakupwa mbio. Bildi ipo miguuni pake, kipande cha risasi kwenye kamba, ukiitupa inakwambia pima ngapi zimebaki. Hana habari nayo, macho kwenye kioo cha simu. Chombo kikaguna, kikakaa.

"Ami, ramani inaonyesha tuko baharini."

"Kweli mwanangu." Nikashuka. Maji yakanifika kifundo cha mguu. Tumekaa juu ya fungu la mchanga mpaka maji yalipojaa, setilaiti zikitutazama kutoka kilomita elfu 20 huko juu, hakuna hata moja iliyokuja kusukuma.

Tena nasikia mpaka Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiichafua GPS makusudi, sisi raia tukosee mahali hata kwa mita 100. Wakaja wakaacha, ati hisani. Nani aliwaomba? Kutoka baraza ya kahawa mpaka majini nimepima kwa miguu yangu: hatua themanini.