Barua ya Hamilton: hifadhi ya umma au sanduku la familia?

Julai 21, 1780, wakati wa vita vya Wamarekani kudai uhuru kutoka kwa Waingereza, Alexander Hamilton, aliyekuwa msaidizi wa Jenerali George Washington, alimwandikia Marquis de Lafayette, jenerali Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani, barua ya dharura. Waingereza waliokuwa New York walikuwa wakipakia askari melini ili wakawashambulie Wafaransa huko Rhode Island. Barua ikamfikia Jenerali William Heath wa jeshi la Wamarekani, naye akaipeleka kwa serikali ya Massachusetts pamoja na ombi lake la msaada. Ndivyo ilivyoingia kwenye hifadhi ya nyaraka za jimbo. Ikakaa humo zaidi ya miaka 150, hadi ilipoibwa na mtumishi wa hifadhi hiyohiyo.

Mwaka 2018 ikaibukia Virginia, kwenye kampuni ya mnada. Familia iliyoipeleka haikuiba chochote. Mzee wao aliinunua mwaka 1945 kwa mfanyabiashara wa nyaraka wa New York, na walikuwa nayo kwa zaidi ya miaka 70. Kesi ilifika mahakama ya rufaa ya shirikisho, na mwaka 2021 familia ikashindwa. Barua ikarudi Massachusetts.

Wapo wanaoona hukumu hiyo ni ya kikatili, na hoja yao si nyepesi. Hifadhi ndiyo iliyoshindwa kuilinda, familia ndiyo iliyoitunza. Anayepewa dhamana akaipoteza, anarudi vipi kudai kwa sauti kubwa?

Tena historia inawapa ushahidi. Katika miaka ya 1830 karatasi za Washington zilikuwa kwa Jared Sparks, msomi aliyeheshimika, ili azichapishe. Sparks alikuwa na hotuba ya kuapishwa ambayo Washington aliinakili kwa mkono wake lakini hakuisoma, kurasa zaidi ya 60. Kwa kuwa ilikuwa imewekwa kando, aliikatakata na kuwagawia watu waliotaka kumbukumbu ya mwandiko wa rais wa kwanza. Vipande vyake watafiti wamekuwa wakivisaka tangu hapo. Hata barua alizozichapisha alizipaka rangi. Washington alipoandika kwamba kiasi fulani cha fedha ni sawa na kuumwa na kiroboto tu, Sparks aliandika kwamba kiasi hicho hakitoshi kabisa. “Old Put”, jina la utani la jenerali mmoja, akaligeuza kuwa “General Putnam”.

Aliumbuliwaje? Barua zilezile ambazo Washington alimwandikia Joseph Reed, aliyekuwa katibu wake vitani, zilikuwa zimebaki kwa ukoo wa Reed, na mjukuu wake alipozichapisha mwaka 1847 kama zilivyo, kila mtu aliona tofauti. Hapa nakiri kwamba wanaotetea umiliki binafsi wamenibana. Kama karatasi zote zingekuwa kwenye chumba kimoja, chini ya mtu mmoja, kiroboto cha Washington pengine kingezikwa moja kwa moja.

Hata hivyo nasimama na mahakama. Sidai kwamba watumishi wa umma ni waaminifu kuliko watu binafsi. Aliyeiba barua ya Hamilton alikuwa mtumishi wa umma. Nasimama nayo kwa sababu mali ya umma ikipotea, kuna mwenye kudai hata baada ya miaka 70. Ya mtu binafsi ikiungua, ndiyo imekwisha. Martha Washington alichoma karibu barua zote alizoandikiana na mumewe, na ilikuwa haki yake, lakini hakuna mahakama itakayoturudishia hata mstari mmoja. Na kama kununua kwa nia njema kungetosha kusafisha wizi, kila mwizi wa hifadhi angekuwa na soko. Aliyenunua bila kujua anaumia, na hasara yake siifurahii.

Kuna watakaosema mzozo huu umepitwa na wakati, maana tangu mwaka 2013 maandishi ya waasisi wa Marekani, akina Washington, Adams, Jefferson na Hamilton, yanasomwa bure kwenye tovuti ya Founders Online. Ni hazina kubwa kweli. Lakini maandishi yaliyochapwa hayaonyeshi neno lililofutwa na kuandikwa upya, mikunjo ya karatasi iliyotumwa bila bahasha, alama ya lakiri iliyobanduliwa, wala wino ulioanza kugeuka kahawia. Kumbuka pia kwamba Sparks alinaswa kwa kulinganishwa na karatasi halisi.

Na si lazima kila mnada uwe hasara. Mwaka 2012 nakala ya Washington ya kitabu cha sheria za Bunge la kwanza la Marekani, ambayo pembeni mwa Katiba iliyochapishwa humo aliandika kwa penseli neno “President” palipotajwa kazi zake, ilinunuliwa kwa dola milioni 9.8. Mnunuzi alikuwa chama cha wanawake kinachotunza nyumba yake ya Mount Vernon. Si serikali, lakini kitabu kilirudi nyumbani na watafiti wanaweza kukifikia.

Kwa hiyo karatasi zilizo mikononi mwa watu kihalali, sioni sababu ya kuwanyang’anya. Ninachowaomba ni kitu kidogo: kabla ya kuuza au kurithisha, waruhusu zipigwe picha, kila ukurasa, mbele na nyuma. Mradi wa kukusanya karatasi za Washington, ulioanza mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Virginia, umepata nakala kwa njia hiyohiyo, zikiwemo za watu waliokubali kufungua masanduku yao.