Nani ana haki ya kumpa mwanamichezo chipukizi nafasi ya pili?

Tarehe 4 Novemba 2022 klabu ya hoki ya barafuni ya Boston Bruins ilitangaza kumsajili beki wa miaka 20, ambaye msimu uliotangulia alikuwa ametajwa mchezaji bora wa ligi kuu ya vijana nchini Marekani. Siku mbili baadaye klabu hiyohiyo ikatangaza kuachana naye. Hakuwa amecheza hata dakika moja, wala hakuwa amevunja kanuni yoyote ya klabu. Kilichomponza ni jambo alilolitenda akiwa na miaka 14.

Jambo lenyewe halikuwa utundu wa shuleni. Yeye na mwenzake walimlaghai mwanafunzi mwenzao, mtoto mweusi mwenye ulemavu wa akili, hadi akalamba pipi waliyokuwa wameisugua kwenye sehemu ya kukojolea chooni. Walimpiga pia, na familia ya mtoto huyo ilieleza kwamba matusi ya kibaguzi yalikuwa yameanza miaka mingi kabla ya hapo. Mwaka 2016 kijana alikiri mbele ya mahakama ya watoto huko Ohio, akapewa saa kadhaa za kuitumikia jamii na kuamriwa aandike barua ya kuomba radhi.

Boston haikuwa ya kwanza kuungua. Oktoba 2020 klabu ya Arizona Coyotes ilimchagua katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi ikijua historia yake, kisha ikamtema kabla mwezi haujaisha baada ya magazeti kuandika habari hizo. Wakati huo ndipo ilipofahamika kwamba kijana alikuwa ameziandikia barua timu zote 31 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, akieleza kosa lake na kuonyesha majuto. Familia ya mtoto aliyemtesa ikasema haijawahi kupata neno la radhi kutoka kwake zaidi ya ile barua iliyoamriwa na mahakama.

Jina lake silitaji, ingawa linajulikana. Katika uchambuzi huu sitamtaja yeyote aliyetenda kosa kabla hajatimiza miaka 18. Kama nataka hoja ya utoto ichukuliwe kwa uzito, naanza nayo mwenyewe.

Maana hoja hiyo ni nzito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 40, unataka mtoto aliyevunja sheria atendewe kwa namna itakayomrudisha katika jamii akiwa mtu mwenye manufaa. Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta mwaka 2005 adhabu ya kifo kwa waliotenda makosa wakiwa chini ya miaka 18, ilieleza kwamba tabia ya mtu wa umri huo bado haijakomaa, kwa hiyo ni vigumu kusema kosa lake ndiyo sura yake ya kudumu. Utafiti nao umeonyesha kwa muda mrefu kwamba vijana wengi wanaovunja sheria huacha wenyewe wanapoingia utu uzima, na wanaoendelea maisha yao yote ni wachache. Ukimfungia kila mmoja kwa sababu ya hao wachache, utakuwa umewaadhibu wengi kwa uhalifu ambao hawangeutenda.

Kuna jaribio moja linalonivutia zaidi, la wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg, lililochapishwa mwaka 2005. Waliwapa watu wa rika mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi wakiwa peke yao, wengine marafiki wakiwatazama. Watu wazima hawakutofautiana sana. Vijana, marafiki walipokuwapo, walithubutu mambo ya hatari zaidi. Ukilisoma haraka, jaribio hili linamtetea kijana: alisukumwa na kundi. Lakini timu ni nini kama si kundi la marafiki wanaokutazama kutwa nzima, chumbani, kwenye basi na hotelini? Kwa hiyo anayesema “mrudisheni kwenye michezo, huko kuna kocha na nidhamu” asisahau kwamba mara nyingine ni huko huko alikolelewa ubaya wake.

Upande wa pili nao hausemi kijana atupwe. Hoja yao yenye nguvu ni kwamba kurudi kazini na kurudi jukwaani ni mambo mawili. Fundi magari aliyetoka gerezani akiajiriwa, anashika spana na kulipwa, basi. Hakuna watu elfu hamsini wanaoimba jina lake, wala watoto wanaovaa fulana yenye namba yake. Mwanamichezo wa kulipwa anapewa mshahara pamoja na heshima, na heshima hiyo anayeitazama ni pamoja na yule aliyeumizwa, kila akiwasha televisheni. Methali ya “kosa si kosa, kosa kurudia kosa” huwatoka kirahisi sana mdomoni wale ambao kosa halikuwaangukia.

Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 iliiweka hoja hii peupe. Uholanzi ilimpeleka Steven van de Velde kwenye voliboli ya ufukweni. Mwaka 2014, akiwa na miaka 19, alisafiri hadi Uingereza kukutana na msichana wa miaka 12 aliyemfahamu mtandaoni, akambaka. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka minne, na hakimu akamwambia kwamba ndoto yake ya kuiwakilisha nchi yake imevunjika. Akatumikia sehemu ya kifungo, mwaka 2017 akarejea uwanjani, na miaka minane baada ya hukumu akawa anacheza chini ya Mnara wa Eiffel huku sehemu ya watazamaji ikimzomea. Viongozi wa michezo wa Uholanzi walijitetea kwamba alimaliza adhabu, alipata msaada wa wataalamu, na hakuna dalili kwamba atarudia.

Kwangu, Uholanzi ilikuwa sahihi nusu. Van de Velde ana haki ya kuishi na kufanya kazi, na kama voliboli ndiyo kazi yake, ligi yoyote iliyo tayari kumpokea na kumwekea masharti ya usalama ina hoja. Ila hakuna mtu mwenye haki ya kuvaa rangi za taifa. Huo ni uteuzi, na uteuzi una maana ya kusema: huyu anatuwakilisha. Zaidi ya hayo, miaka 19 si 14. Ni jambo la ajabu jinsi neno “kijana” linavyonyooshwa panapotakiwa kumwokoa mtu mwenye kipaji.

Tahadhari moja kwa walio upande wa ghadhabu. Mshambuliaji wa Wales, Ched Evans, alifungwa mwaka 2012 kwa ubakaji. Alipotoka mwaka 2014, Sheffield United ilimruhusu kufanya mazoezi ikarudi nyuma kwa shinikizo la umma, na mapema 2015 Oldham nayo ikaacha mpango wa kumsajili. Mwaka 2016 hukumu ikabatilishwa, kesi ikasikilizwa upya, akaonekana hana hatia. Klabu zile zilifanya uamuzi kwa kilichojulikana wakati ule, lakini hukumu ikiwa bado inapingwa ni busara kutotamka neno “milele”.

Linalonikera zaidi ni jinsi michezo inavyopanga uzito wa makosa. Kuhusu dawa za kusisimua misuli kila kitu kimeandikwa: adhabu ya kawaida kwa anayekusudia ni miaka minne, kuna vipunguzo, kuna kundi la wanamichezo wanaolindwa kwa sababu ya umri, na kuna Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kwa wasioridhika. Januari 2024 mahakama hiyo ilimfungia miaka minne msichana wa Urusi wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu, aliyekuwa na miaka 15 alipokutwa na dawa, na hoja kwamba ni mtoto haikumwokoa. Kwa aliyemdhuru mwenzake hakuna kitabu kama hicho cha dunia nzima. Zipo jitihada za hapa na pale. NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, imeweka kiwango cha mechi sita bila mshahara kwa ukatili wa kinyumbani au wa kingono wa mara ya kwanza. Chuo Kikuu cha Indiana kiliamua mwaka 2017 kutopokea wanamichezo wenye hatia ya ukatili wa kingono. Kwingine kote klabu inabaki peke yake na daftari lake la usajili, na daftari hilo linapima mabao.

Ndiyo maana swali la kama wanastahili au hawastahili naona halitufikishi mbali. Karibu kila mtu, akiulizwa kwa utulivu, atakubali kwamba mtoto wa miaka 14 anaweza kubadilika. Tatizo liko kwa anayetoa nafasi hiyo, na sababu yake ya kuitoa. Kipimo changu ni rahisi: klabu ijiulize kama ingemchukua huyu angekuwa beki wa akiba wa kawaida. Kama jibu ni hapana, basi haijampa nafasi ya pili, imenunua mchezaji kwa bei ya punguzo. Baada ya hapo ifuate hatua ambayo Boston iliiruka. Haikuzungumza na familia ya aliyeteswa kabla ya kusaini mkataba, jambo ambalo rais wa klabu, Cam Neely, alilikiri. Sisemi mwathirika apewe kura ya turufu. Ni mzigo mzito kumtwisha mtu aliyeumizwa ndiye aamue riziki ya aliyemuumiza. Lakini asikie habari kabla ya waandishi, na aulizwe kama kuna kilichorekebishwa. Kijana naye apande ngazi kutoka chini, mbali na kamera, kwa muda unaotosha kumtazama.

Na wakati mwingine vijana wenyewe wanalijua hilo kuliko wakubwa wao. Mwaka 2020 beki wa Kanada wa miaka 17, akicheza Sweden, alipiga picha ya mwanamke wakiwa faragha bila ridhaa yake na kuwatumia wachezaji wenzake. Ndilo lile kundi la marafiki linalotazama. Alitozwa faini. Julai 2021, siku chache kabla ya klabu za NHL kuchagua vijana, alitoa tamko akiomba asichaguliwe mwaka huo kwa sababu hajaonyesha ukomavu wa kustahili heshima hiyo. Montreal Canadiens walimchagua hata hivyo, raundi ya kwanza, nafasi ya 31. Kelele zilipozidi, mmiliki wa klabu akaomba radhi na kusema kijana hatashiriki kambi za msimu ule. Ligi yake ya vijana ikamsimamisha hadi Januari 2022. Aprili 2024 alicheza mechi yake ya kwanza NHL, na sioni sababu ya kumlaumu kwa hilo. Aliomba mwaka mmoja tu wa kusubiri. Waliomnyima ni watu wazima waliohofia kwamba klabu nyingine ingemchukua kabla yao.