Kutaja Mkondo wa Fasihi Si Kuhakiki Hadithi

"Hadithi hii ni ya mkondo wa uhalisia kwa sababu inazungumzia mambo yanayotokea katika jamii." Yeyote anayesahihisha kazi za uhakiki, ziwe za kidato cha nne au za mwaka wa kwanza chuoni, anaifahamu sentensi hii. Inakuja mwanzoni mwa insha, mwanafunzi anaiacha hapohapo, kisha anaingia kwenye maudhui, wahusika na tamathali kama alivyozoeshwa. Mkondo, yaani namna ya kuandika na kuutazama ulimwengu ambayo waandishi kadhaa huishiriki, umeshatajwa na hautasikika tena hadi hitimisho. Sentensi yenyewe haina kosa. Lakini nani anionyeshe hadithi isiyozungumzia mambo ya jamii? Hata sungura anapomlaghai fisi, wasikilizaji wanajua ni nani kijijini anayesemwa.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea. Kutaja mkondo si kuhakiki. Uhakiki unaanza pale msomaji anapouliza mkondo huo ulimwezesha mwandishi kuona nini, na ulimfichia nini. Nusu ya pili ya swali hilo ndiyo tunayoiruka, na ndiyo yenye mavuno.

Tunasahau kwamba mikondo mingi ilizaliwa kwa ugomvi. Mwaka 1855, jijini Paris, mchoraji Gustave Courbet alijenga banda lake mwenyewe karibu na Maonyesho ya Dunia baada ya baadhi ya picha zake kukataliwa, akalipa banda hilo jina la Uhalisia. Kosa lake machoni pa wakubwa wa sanaa lilikuwa kuchora wavunja mawe na wanakijiji kwa ukubwa uliotengewa wafalme na miungu. Kwa hiyo uhalisia ulikuwa na mtu wa kubishana naye. Ulisema kwamba mvunja mawe anastahili turubai kubwa. Ukimwambia mwanafunzi kwamba uhalisia ni "kuonyesha maisha jinsi yalivyo", umemnyima ugomvi huo wote, na umembakishia fasili ambayo inaweza kubandikwa popote.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1880, mwandishi wa riwaya Mfaransa Émile Zola alikwenda mbali zaidi. Aliandika kwamba mwandishi wa riwaya anapaswa kufanya kazi kama daktari Claude Bernard alivyofanya katika maabara: mweke mtu katika mazingira fulani, mpe urithi fulani wa damu, kisha tazama kitakachomtokea. Huo ndio mkondo wa uasilia. Humo mtu anasukumwa na nguvu asizozichagua, kama njaa, urithi, hali ya hewa, mashine. Sifa njema haimwokoi mtu, na dhambi si lazima iadhibiwe.

Hadithi fupi ninayopenda kuitumia kufundishia mkondo huu ni "The Open Boat" ya Mmarekani Stephen Crane, iliyotoka katika jarida la Scribner's mwezi Juni 1897. Tukio lake ni la kweli. Tarehe 31 Desemba 1896, Crane, mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 25, aliondoka Jacksonville, Florida, kwa meli iitwayo Commodore. Asubuhi ya tarehe 2 Januari meli ikazama. Watu wanne walijikuta katika kimashua cha futi 10 hivi: kapteni aliyejeruhiwa, mpishi, mfanyakazi wa mafuta, yaani mtu wa kutia mashine mafuta katika chumba cha injini, na Crane. Walikaa baharini kwa takriban saa 30.

Hadithi inaanza kwa kusema kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua rangi ya mbingu. Macho yao yalikuwa kwenye mawimbi. Sentensi fupi kama hiyo imebeba mkondo mzima: mtu aliye hatarini hana nafasi ya kutazama juu, wala juu hakuna anayemtazama. Wanaume hawa wanapiga makasia kwa zamu. Wanaiona nchi kavu lakini hawawezi kuifikia kwa sababu ya mawimbi yanayovunjika ufukweni. Mtu aliye pwani anawapungia koti, nao wanashindwa kuelewa anamaanisha nini. Zaidi ya mara moja linarudi swali lilelile, kwamba kama ni wa kuzama, kwa nini waliachwa wafike mpaka hapa wakaona mchanga na miti? Msimulizi anasema mtu anapogundua kwamba maumbile hayamhesabu kuwa kitu, kwanza hutamani kulirushia hekalu matofali, kisha huchukia kwamba matofali hayapo na hekalu halipo.

Mwishoni mashua inapinduka. Kapteni, mpishi na mwandishi wa habari wanafika. Anayekufa, uso ukiwa kwenye maji ya kina kifupi, ni mfanyakazi wa mafuta, aliyekuwa hodari kuliko wote kwa kupiga makasia na aliyeongoza katika kuogelea. Ndiye peke yake ambaye hadithi inamtaja kwa jina, Billie. Hadithi za ulimbwende, mkondo unaotukuza hisia na mashujaa, zingemwokoa huyu, na za mafunzo zingetafuta kosa lake. Uasilia haufanyi hata moja. Ila mapema sana msimulizi alikuwa ameshatuambia, kama jambo la kupita, kwamba kabla ya meli kuzama mtu huyu alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo katika chumba cha injini. Hatuambiwi kwamba ndicho kilichomuua. Tunaachiwa uchovu huo tuubebe wenyewe hadi ufukweni. Mwanafunzi anayejua uasilia ni nini ataiona zamu hiyo ya pili. Asiyejua ataipita.

Hapa mkondo unafanya kazi kweli. Unamwelekeza msomaji mahali pa kutazama.

Sasa upande wa pili. Commodore ilikuwa ikienda wapi? Ilikuwa imebeba silaha za waasi wa Cuba waliopigana na Hispania. Watu wale hawakuwa baharini kwa bahati mbaya tu. Walikuwa ndani ya vita vya watu, kwa malipo au kwa hiari. Ndani ya hadithi bunduki hizo hazisikiki. Crane alikuwa ameshaandika ripoti yake katika gazeti la New York Press tarehe 7 Januari, siku chache baada ya kuokolewa, na ripoti hiyo inakaa sana kwenye meli na kuzama kwake huku saa za mashuani zikipitwa haraka. Hadithi fupi ilipokuja, ikageuza mizani: mashua ikawa kila kitu, meli na shehena yake vikatoweka. Kwa njia hiyo bahari isiyojali ikapata nafasi ya kuwa mhusika mkuu. Lakini pia tukapoteza swali la nani aliyewatuma watu hawa, na kwa faida ya nani. Mkondo unaosema nguvu kubwa zinatusukuma una urahisi wa kuziita nguvu za watu kuwa nguvu za maumbile. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa zaidi la kuandika kuhusu hadithi hii, na huwezi kuliandika kama hukuanza na mkondo, wala kama uliishia hapo.

(Kuna ufa mwingine. Katikati ya usiku mwandishi wa habari anakumbuka shairi la utotoni kuhusu askari anayefia Algiers, ambaye hakuwahi kumjali. Sasa anamhurumia. Huruma hiyo haikutoka katika maabara ya Zola.)

Turudi kwetu. Mikondo hii ilipofika katika fasihi ya Kiswahili haikuja kwa foleni ya miaka kama ilivyo kwenye vitabu vya nadharia. Mtanzania Euphrase Kezilahabi aliandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, riwaya ambayo msomaji anaweza kuitembea kama mtaa anaoujua. Mwaka 1990 mtu huyohuyo akatoa *Nagona*, ambamo muda na mahali havishikiki. Anayeandika "Kezilahabi ni mwandishi wa uhalisia" au "Kezilahabi ni mdhanaishi" (wa mkondo unaohoji maana ya kuwapo kwa mtu) anapaswa kuulizwa ni Kezilahabi wa kitabu gani. Mkondo ni wa kazi, na wakati mwingine ni wa ukurasa.

Hilo linaonekana vizuri katika "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, hadithi ambayo maelfu ya wanafunzi wa Kenya waliisoma ilipokuwa katika kitabu teule cha hadithi fupi. Mtaa wa Madongoporomoka, vibanda, wanyonge wanaohofia kunyang'anywa ardhi, Mzee Mago anayewazindua wenzake, Mkahawa Mshenzi ambamo watu wanakula na kuzungumza: yote haya ni uhalisia ambao Courbet angeutambua. Kisha linaingia jitu. Linaagiza chakula chote na kukila chote, huku waliokuja kula wakishangaa, na linataka siku inayofuata liandaliwe kingi zaidi. Halafu yanakuja matingatinga na askari.

Wanafunzi wengi wanalishughulikia jitu kwa neno moja: jazanda, yaani picha inayosimamia kitu kingine. Jitu ni jazanda ya ulafi wa matajiri, nukta, aya nyingine. Mimi huwaomba wangoje. Mliache lile kwanza. Mtazame linavyoketi, linavyojaza nafasi, linavyolipia uhalali wake kwa kuwa mteja kama wateja wengine. Ukilifanya jazanda mapema, umelitoa mkahawani na kuliweka ubaoni, na sehemu ya kutisha ya hadithi, kwamba mwili huo uko pale na hakuna anayeweza kuuzuia, imepotea.

Wengine husema huu ni uhalisia mazingaombwe, na wana hoja. Mwaka 1949 mwandishi Mkuba Alejo Carpentier, akikumbuka safari yake ya Haiti, alidai kwamba katika bara la Amerika maajabu ni sehemu ya maisha yenyewe. Tangu hapo tumezoea hadithi ambamo jambo la ajabu linasimuliwa kwa sauti ileile ya jambo la kawaida, na wahusika hawashtuki. Lakini Mkahawa Mshenzi unashtuka. Watu wanaduwaa. Kwa hiyo aidha hadithi hii inavunja kanuni ya mkondo huo, au jitu lina ukoo mwingine.

Naamini lina ukoo mwingine, na hapa ndipo vitabu vyetu vya nadharia vinapotuangusha. Vinaorodhesha mikondo yenye mwaka na waasisi, na ngano, zile hadithi za kale za kusimuliwa, haina mwaka wala mwasisi, basi inaachwa nje ya orodha na kuwekwa kwenye sura ya fasihi simulizi, kana kwamba mwandishi anapokaa mezani anamwacha bibi yake mlangoni. Jitu linalokula kila kitu ni zimwi. Zanzibar, alikozaliwa Said Ahmed Mohamed, kuna hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo mmisionari Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa kisiwani. Paka wa sultani anakula mifugo. Watu wanalalamika, sultani anajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anahamia kwa watu. Sultani bado hasikii. Ni mpaka wanawe mwenyewe waliwe ndipo anapokubali kwamba huyu si paka tena, ni Nunda, mla watu.

Sisemi kwamba mwandishi aliichukua hadithi yake huko. Nasema kwamba msomaji aliyekua na Nunda anapoliona jitu la Madongoporomoka anauliza swali ambalo uhalisia mazingaombwe haumpi: huyu mnyama ni wa nani? Nani anasema "ni wangu" kila tunapolalamika? Na hadithi inajibu, kwa sababu nyuma ya jitu kuna askari wenye silaha. Ulafi hauwezi peke yake. Unahitaji mwenye mamlaka anayeufuga.

Kuna kinachofichwa hapa pia, na mhakiki mwaminifu atakisema. Uhalisia mkali ungetuonyesha karatasi: hati ya ardhi, saini, ofisi, tarehe. Zimwi halitii saini. Hadithi inapata mwili wa ulafi na inapoteza njia yake ya kisheria, na katika miji yetu watu wengi wamehamishwa kwa karatasi kabla ya kuhamishwa kwa tingatinga. Je, matingatinga ya mwishoni yanatosha kuirudisha hadithi kwenye ardhi ya kisheria? Mimi naona yanairudisha nusu.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeniuliza aanzeje, namwambia aanze na sentensi inayoweza kupingwa. Kwa mfano: "Katika 'Tumbo Lisiloshiba', Said Ahmed Mohamed anauanza mtaa kwa uhalisia, anaukabidhi kwa zimwi la ngano, kisha anaurudisha kwa matingatinga, ili tuone kwamba ulafi wa mjini ni wa kale na una walinzi, lakini njia hiyo inamfunika mtu anayetia saini." Hiyo inampa kazi ya kurasa nne. Aya ya kwanza baada yake iende moja kwa moja mkahawani, pale jitu linapoingia, na imweleze msomaji kwa nini watu wale wanashangaa.