Anayemwona Mzee Ndiye Aamue

Buurtzorg, shirika la wauguzi la Uholanzi, husifiwa zaidi kwa jambo moja: timu zake hazina mabosi. Sifa hiyo ni ya kweli, ila naona inatupeleka pembeni. Mzee wa miaka 90 mwenye kidonda mguuni hana haja ya kujua nani anamsimamia nani. Anataka kujua nani atagonga mlango kesho asubuhi, na kama huyo anayekuja anajua kidonda kilikuwaje jana.

Katika miaka ya 1990 huduma ya wazee nyumbani huko Uholanzi ilianza kupangwa kama kazi ya kiwandani. Mashirika madogo yaliunganishwa yakawa makubwa, kazi ya muuguzi wa mtaa ikakatwakatwa vipande: kuogesha, kuchoma sindano, kufunga bandeji, kila kipande na dakika zake, bei yake na ngazi ya mtumishi wake. Kwenye baadhi ya mashirika stika yenye msimbo wa mistari (barcode) ilibandikwa mlangoni pa mgonjwa, muuguzi akawa anaiskani akiingia na akitoka. Hesabu zilikaa vizuri. Mzee akawa anapokea sura ngeni kila mara, na hakuna aliyemwona kwa muda wa kutosha kugundua kwamba anakonda, au kwamba siku hizi hainuki tena kitini.

Jos de Blok, muuguzi aliyekwisha kupanda hadi uongozini, aliyaacha hayo na mwaka 2006 akaanzisha Buurtzorg. Timu ya kwanza ilikuwa na wauguzi wanne. Kila timu haizidi watu 12. Hupanga zamu zao, hupokea wagonjwa, huajiri wenzao, huzungumza na daktari wa familia, yote wenyewe. Ndani ya miaka kumi wafanyakazi walifikia takriban 10,000, huku ofisi kuu ikiwa na watu 50 hivi.

Mimi hiyo 12 naithamini kuliko hotuba zote kuhusu uhuru kazini. Watu 12 wanaenea kwenye chumba kimoja, wanabishana, wanaelewana. Wakiwa 30, wataibuka wawili watatu wenye kauli, na waliobaki watarudi kusubiri kuambiwa.

Tena muuguzi anayeshika kazi yote, kuanzia kuogesha hadi kuongea na binti wa mzee, huanza kujiuliza mzee huyu anaweza kujifanyia nini mwenyewe. Kumfundisha kuvaa soksi zake za kubana kwa kutumia kifaa maalumu kunakula muda mwingi leo, lakini huenda kukaondoa haja ya kumtembelea kila asubuhi. Kwenye ratiba ya dakika, somo hilo halina nafasi. Ndiyo maana saa moja ya muuguzi wa Buurtzorg inaweza kuwa ghali kuliko ya kwingine, lakini saa zinazotumika kwa kila mgonjwa ni chache. Wapenzi wa mfumo huu waseme na upande wa pili: uchambuzi wa 2015 wa KPMG, kampuni ya ukaguzi wa hesabu na ushauri, ulionyesha kwamba ukijumlisha gharama za matibabu mengine na za makao ya wazee, jumla inakaribia wastani wa kawaida. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Mzee kuhudumiwa na mtu anayemfahamu, kwa gharama ileile, ni faida kubwa.

Ugumu upo kwenye timu yenyewe. Mwenzetu akichelewa kila siku, nani amwambie? Hakuna msimamizi wa kumsukumia. Buurtzorg ina makocha, lakini kocha mmoja anahudumia timu nyingi na hana mamlaka ya kutoa uamuzi; wenye kuamua ni wanatimu wenyewe. Kwa hiyo kuendesha kikao na kumkosoa mwenzako usoni ni ujuzi wa kufundishwa, kama kufunga kidonda kunavyofundishwa. Asipofundishwa mtu, mpole ndiye atakayebeba zamu mbaya za wote.

Ninachokikasirikia ni waigaji wanaofuta vyeo vya wasimamizi ili waokoe mishahara, huku fomu zote za idhini zikibaki palepale. Muuguzi anaongezewa kazi ya msimamizi juu ya yake, na bado hana ruhusa ya kuamua. Kuuita huo uhuru ni kumdhulumu. Hata penye nia njema kuna kikwazo: kule Uingereza, kwa mfano, uuguzi wa nyumbani kwa kawaida uko chini ya huduma ya afya ya taifa, ilhali msaada wa kuoga na kuvaa uko chini ya halmashauri. Timu haiwezi kuamua jambo ambalo fungu lake la fedha linashikwa na ofisi nyingine.

Kwa hiyo vyeo vingoje. Kwanza apewe muuguzi wa zamu ya asubuhi ruhusa ya kubadilisha mpango wa mzee siku hiyohiyo, bila kumpigia mtu simu kuomba kibali.