Muziki wa Mashine Una Jasho Lake

Kwa wapenzi wa taarab asilia na wa muziki wa dansi, kinanda cha umeme kina kesi ya kujibu. Tangu miaka ya 1990, East African Melody walipopanda jukwaani na vinanda pale palipozoeleka kukaa safu ya fidla, kanuni na akodiani, mashtaka ni yale yale: ni chombo cha wavivu, unabonyeza kitufe mdundo unajiendea wenyewe, na mpigaji anaweza kujibu meseji katikati ya ubeti. Mzee mmoja wa Unguja, mpiga fidla, alinimalizia maneno yote kwa sentensi moja: "Mwanangu, kile si chombo, kile ni redio." Sikubishana naye. Mtu aliyeshika fidla kabla hujazaliwa, barazani unamwachia. Nabisha hapa.

Ubishi wangu ni huu: zitafute albamu za mwanzo za sinthesaiza, yaani mashine inayozalisha sauti kwa umeme, zile za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980, uzisikilize huku ukijua zilivyotengenezwa. Utakuta humo kazi ya mikono inayoshinda ya bendi nyingi za magitaa.

Chukua Switched-On Bach ya Wendy Carlos, iliyotoka Marekani mwaka 1968. Ni kazi za Johann Sebastian Bach zilizopigwa kwa sinthesaiza ya Robert Moog. Ukiisikia leo utadhani mtu kakaa kitako, kaweka vidole kumi juu ya kinanda, kapiga, kaenda zake. Thubutu! Moog ya wakati ule ilikuwa kabati zima la vifaa vilivyounganishwa kwa nyaya, na ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ubonyeze funguo tatu pamoja, kodi, yaani noti kadhaa zikilia kwa pamoja, huipati. Na Bach ndiye fundi wa sauti tatu nne zinazofukuzana, hii ikiingia ile ikijibu. Kwa hiyo Carlos alirekodi mstari mmoja, akarudisha kanda nyuma, akarekodi wa pili sambamba nao, kisha wa tatu, kwenye rekoda ya njia nane, yaani yenye nafasi nane za sauti kwenye kanda moja, aliyoiunda mwenyewe kwa vipuri vya kampuni ya Ampex.

Hapo bado hujagusa suala la tuni. Ndani ya mashine zile, kinachozalisha sauti ni osileta, na osileta huongozwa kwa umeme: ukiongeza volti moja, sauti inapanda oktavu moja. Hesabu nzuri sana kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba vipande vya ndani hubadilika tabia kwa joto, basi chumba kikipata joto kidogo noti imeshahama. Carlos alikuwa anapiga kipande kifupi, anasimama, anapima, anatuni upya, anaendelea. Inasimuliwa kwamba albamu ile ilikula miezi mitano na kiasi cha saa 1,000 za kazi. Mpiga fidla naye hutuni, sikatai, lakini hatuni kila baada ya pumzi mbili.

Na sauti yenyewe ilibidi itengenezwe. Hapakuwa na kitufe kilichoandikwa "filimbi". Osileta inatoa sauti mbichi, kali, yenye kila kitu ndani yake. Filta inaichuja kama kifumbu kinavyochuja tui, ukikaza inatoka nyembamba, ukilegeza inatoka nzito. Kisha kifaa kingine kinaamua kama sauti iingie kwa kishindo, kama kamba iliyochunwa, au inyanyuke taratibu kama upinde juu ya fidla. Ukishaipata filimbi yako, usichomoe waya hata mmoja, maana mashine haina kumbukumbu. Ya kesho utaijenga upya kwa kuangalia ulichoandika kwa kalamu.

Kabla ya Moog mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1963, ndani ya karakana ya sauti ya BBC jijini London, Delia Derbyshire alitengeneza muziki wa kufungulia tamthilia ya Doctor Who, uliotungwa na Ron Grainer, bila sinthesaiza yoyote. Alirekodi uzi mmoja ukichunwa na milio ya vifaa vya kupimia umeme, akaongeza na kupunguza mwendo wa kanda kupata kila noti, akakata kanda kwa wembe, akaunganisha kipande kwa kipande. Rekoda ya njia nyingi hawakuwa nayo, basi kanda tatu zilichezwa kwenye mashine tatu zilizowashwa kwa pamoja. Inasimuliwa kwamba kuna mahali noti moja iligoma kukaa sawa, nao wakazinyoosha kanda zote tatu kwenye korido ndefu ya jengo, wakatembea nazo wakilinganisha viungo, mpaka wakakipata kipande kilichokatwa vibaya. Grainer alitaka Derbyshire agawiwe nusu ya malipo ya utunzi. Taratibu za BBC zikakataa.

Kuna jina jingine ambalo huniudhi kila ninaposoma orodha za "albamu muhimu", kwa sababu halimo: Halim El-Dabh. Mwaka 1944, Cairo, kijana huyu aliazima rekoda ya waya kwenye kituo cha redio. Ni waya kweli, uzi mwembamba wa chuma unaonasa sauti, kabla kanda hazijaenea. Akaenda nayo kwenye zar, ngoma ya wanawake ya kupunga mashetani. (Msomaji aliyewahi kusikia ngoma ya kibuki Unguja hahitaji maelezo zaidi.) Akarudi na sauti zile studio, akazivua sehemu yake ya chini, akabakiza mwangwi na vivuli vya sauti vinavyoelea. Pierre Schaeffer wa Paris, ambaye vitabu vingi humpa ubaba wa muziki wa aina hii, alitoa kazi yake ya sauti za treni mwaka 1948. Miaka minne baadaye! Kipande kilichosalia cha El-Dabh ni kifupi, dakika mbili na ushee, na sauti si safi. Kisikilize hivyo hivyo.

Albamu iliyoninasa mimi, hata hivyo, ni ya Wajerumani: Phaedra ya Tangerine Dream, iliyotoka 1974. Walikuwa wamepata Moog yenye sikwensa, kifaa cha kurudiarudia noti ulizozipanga, na walikuwa bado wanaizoea huku kanda ikizunguka. Kwenye wimbo wenye jina la albamu, wa zaidi ya dakika 17, besi inazunguka, inazunguka, halafu unaanza kuhisi kitu hakiko sawa. Mashine inapata moto, tuni inateleza. Bendi nyingine ingefuta ikaanza upya. Wao waliacha, wakaongeza ala nyingine juu yake, na ule mtelezo ndio ukawa utamu wa wimbo. Nimewawekea marafiki wimbo huu, nusu wameomba nizime. Sawa tu.

Jean-Michel Jarre alipita njia nyingine, na yeye ndiye jibu langu kwa yule mzee wa fidla. Jarre alisoma kwa Schaeffer, kisha mwaka 1976 akarekodi Oxygène nyumbani kwake Paris, ndani ya jiko alilolifanya studio. Lebo kadhaa zilikuwa zimemkatalia: muziki hauna mwimbaji, nyimbo hazina majina, ni namba tu. Mdundo wake ulitoka kwenye kisanduku kidogo cha Korg, Mini Pops, chenye midundo ya tayari iliyowekwa kiwandani, ya kuwasindikiza wapiga kinanda wa hotelini. Ndiyo hasa ile "redio" ya mzee. Kisanduku kile kilitaka ubonyeze mdundo mmoja. Jarre alibandika utepe wa gundi juu ya vitufe viwili ili vibaki vimebonyezwa pamoja, akapata mdundo wa tatu ambao kiwanda hakikuupanga. Sikiliza sehemu ya nne, ile maarufu, kisha uniambie kama kuna mvivu humo.

Kraftwerk, bendi nyingine ya Wajerumani, nao watu wameshawaandika vya kutosha. Mimi naona Autobahn ya 1974 inaheshimiwa kuliko inavyopendeza. Trans-Europe Express ya 1977 ndiyo kazi, na kwenye treni ile unasikia ukoo wa Schaeffer. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa aliichukua melodi yake huko New York akaitia kwenye Planet Rock, na kutoka hapo hip hop ikapata mguu wake wa elektroniki.

Barani kwetu kulikuwa na watu wakifanya kazi hiyo hiyo wakati ule ule. Mwaka 1978, Mamman Sani alirekodi albamu yake kwenye studio za redio ya taifa mjini Niamey, Niger, akitumia ogani ya Kiitaliano aina ya Orla, akizipiga nyimbo za asili za watu wa Sahel kwa sauti za mashine. Hakuna anayeimba. Ni ogani, mdundo mwembamba, na melodi inayotembea kama mtu asiye na haraka ya kufika. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alitoa albamu zake mwenyewe kati ya 1977 na 1985, vinanda vimejaa tele, kisha akauacha muziki huo, akaokoka, na waandishi waliomfuata kuuliza habari zake hawakupata kitu. Na Hailu Mergia wa Ethiopia, akiwa tayari anaishi Washington, mwaka 1985 alikaa peke yake na akodiani, sinthesaiza na mashine ya midundo akatengeneza kanda nzima. Baadaye akawa dereva wa teksi, na kinanda alikibeba kwenye buti. Akisubiri abiria uwanja wa ndege, anakitoa, anapiga. Kanda ile ilipotolewa upya mwaka 2013 ndipo dunia ikamwita tena jukwaani. Huyo naye anapiga redio?

Mzee ana haki mahali pamoja. Mwaka 1983 Yamaha walileta DX7, kinanda chenye sauti 32 zilizokwisha kutengenezwa na kuhifadhiwa ndani, na kuipanga sauti yako mwenyewe ndani yake ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Wengi hawakujisumbua. Ndiyo maana piano ile ile ya umeme inasikika kwenye nyimbo za mapenzi za nusu ya dunia. Vinanda vilivyokuja kujaa kwenye kumbi zetu ni wajukuu wa uamuzi huo, na mpigaji anayeacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani namwachia mzee amseme anavyotaka. Ila nimwombe pia asikilize vijana wa singeli wa Dar es Salaam wanavyokichukua kinanda hicho hicho cha taarab, wakakikata, wakakikimbiza mpaka kikawa kitu kingine kabisa.

Ukitaka kuanza, usitumie spika ya simu. Besi yote itapotea na utaniona mwongo. Tafuta hedifoni. Sani kwanza, halafu Oxygène yote bila kuruka, halafu Phaedra usiku. Autobahn iweke kwa ajili ya basi: ukitoka stendi ya Magufuli na foleni ya Mbezi, upande mzima wa kwanza unaisha hujaiona Kibaha. Karibu zote utazipata mtandaoni. Inayosumbua ni Switched-On Bach, maana kazi za Carlos haziko kwenye huduma za kusikilizia muziki na CD zake hazichapishwi tena. Inabidi usake santuri iliyotumika, na zipo nyingi, kwa kuwa iliuzwa sana enzi zake. Kagua tu mikwaruzo kabla ya kutoa pesa.